Kijiko Kimoja cha Ngano

Mwanangu Mejumaa,

Barua zetu huanza kwa mtu kusema yeye ni mzima wa afya, hofu ni kwa aliye mbali. Mimi nimejaribu mara mbili nikafuta. Kwanza wewe hujawa mbali bado, umekwenda Matuga tu kumuaga bibi yako na magharibi utakuwa umesharudi. Pili, hilo neno afya tumeligombania humu ndani miaka mitano, mpaka nikilitamka naona haya. Basi pokea salamu zangu hivyo hivyo zilivyo, tuendelee.

Nimekaa jikoni kwenye kibao cha kukunia nazi, daftari liko mapajani. Mahamri ya asubuhi nimeyauza, vyombo nimeviosha, nimefagia, halafu nimefagia tena. Nimejipa muda mpaka adhana ya magharibi. Nikikusikia uani nitaikunja barua hii niitie kwenye begi lako, chini kabisa, chini ya zile kanga mbili. Usiisome hapa. Ukiisoma hapa nitakunyang'anya, unanijua. Ifungue ukishavuka Likoni, mahali ambapo huwezi kugeuka nyuma ukaniuliza kitu.

Mambo ya kufunga mlango na kuswali na kuchagua marafiki sitayaandika. Shangazi zako wamekuusia wiki nzima, nadhani sasa hata usingizini unawasikia. Ya chakula ndiyo kabisa. Wewe ndiye uliyenifundisha mimi kusoma nyuma ya pakiti, nitakuambia nini? Nina jambo moja, nimelikalia tangu kabla ya Ramadhani, na ukiondoka kesho hulijui nitakuwa nimekudhulumu mara mbili. Lakini sijui kusema kwa mkato. Mimi ni mtu wa kuzunguka, nivumilie.

Ulipokuwa kidato cha pili tumbo lako lilivimba. Mikono ilikonda, miguu ilikonda, tumbo likawa mbele kama la mwenye miezi mitano. Majirani wakawa wananiangalia tu, na mimi macho ya watu siyawezi. Nikakushika mkono, nikakuvuta mpaka zahanati, nikamwambia nesi mbele ya watu waliokaa kwenye benchi, "Mpime huyu. Nataka kujua ni ya nani." Akakupima. Akatoka akasema hamna kitu. Unakumbuka nilisema nini? Nikasema, "Rudia."

Akarudia. Hamna kitu. Tulirudi kwa miguu, wewe nyuma mimi mbele. Pale njia panda nikanunua machungwa, nikakupa moja bila kukutazama. Ukalimenya ukala. Mimi nikasema moyoni, haya, yamekwisha. Kwangu mimi lile chungwa ndilo lilikuwa samahani, na sikukuuliza kama kwako pia.

Baada ya hapo nikakupeleka kwa mwalimu wa madrasa, ukaandikiwa kombe, aya za zafarani zinazooshwa kwa maji, ukalinywa siku saba. Kombe lile silitii ila, maneno ya Mungu hayana lawama. Lawama ni mimi, ambaye kila ukimaliza kunywa nilikuwa nakupa hamri la moto upate kitu tumboni. Siku saba, mwanangu. Mwalimu anasoma, mimi natia sumu, na hakuna anayejua.

Mpaka ulipomaliza kidato cha nne, nywele zinatoka na kitana, siku zako za mwezi zimekatika, ndipo mjomba wako alipotupeleka Mombasa kwa yule daktari. Wakakutoa damu, wakakumezesha kile kimpira chenye kamera, na mimi nje nikasoma kila sura niijuayo. Daktari akatuita, akasema ni ugonjwa wa siliaki, mwili wako haupatani na gluteni. Nikamwuliza, gluteni ndiyo nini? Akasema, "Mama, ni kile kinachofanya unga wa ngano uvutike ukiukanda."

Wewe ulidhani nimenyamaza kwa sababu sikuelewa. Nilielewa vizuri sana. Sifa yangu yote hapa Mwabungo ni huo mvutano. Watu wa mahoteli wanatoka Galu na Ukunda kuja kutafuta mahamri ya mama Mejumaa kwa sababu yamevimba, ndani matupu, hayanyonyi mafuta, na yako hivyo kwa sababu mimi hukanda mpaka unga uvutike bila kukatika. Miaka ishirini mikono yangu inatafuta kitu kimoja tu ndani ya beseni, na kitu chenyewe ndicho kinachokula matumbo ya mwanangu. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangeniona mimi na kanga yangu nyeupe kwa unga, wasingehitaji kusema.

Haya. Tukarudi nyumbani, nami si mvivu, hilo utanipa. Nikakununulia sufuria lako, karai lako, mwiko wako, kila kimoja nikakifunga uzi mwekundu. Mahamri nikayahamishia kule bandani nyuma. Mchele wako nikakataa usipelekwe mashine, maana mashine ile husaga na ngano, nikawa nautwanga mwenyewe kwenye kinu. Shangazi zako walinicheka, "Unamlea malkia?" Nikawajibu nalea wangu, kaleeni wenu. Nilikuwa naona fahari. Nakuambia kweli, nilikuwa naona fahari kuliko huruma.

Miezi mitatu ile ya mwanzo sitaisahau. Ulikuwa unakula wali, muhogo, samaki, basi. Tumbo likashuka. Nywele zikashika. Siku moja nilikuona umebeba ndoo kichwani kutoka bombani mpaka mlangoni bila kuitua njiani, unaimba. Nikageuka upande, nikajifanya nachochea moto. Nikasema nisiseme, nisije nikaharibu.

Na ni furaha hiyo ndiyo iliyotuponza. Maana nilipoona umeanza kunawiri nikasema, mtoto huyu kila siku anakunywa chai na muhogo kama mtu wa msiba, hebu nimpikie vitafunio vyake. Nikakuanzishia vitumbua. Mchele wako niliotwanga, tui lako, karai lako la uzi mwekundu. Kila asubuhi vitumbua vinne, nakuletea mwenyewe na chai.

Nusu mwezi haukwisha, ukaanguka.

Tangu hapo ndiyo maisha yetu yakawa yale. Siku mbili nzuri, siku nne mbaya. Wiki nzuri, nikaanza kupumua, kumbe inakuja ya kulala na magoti kifuani. Nilijifunza kukupima kwa masikio. Alfajiri nasikia mlango wa choo, nasikia kopo likichota kwenye pipa, nahesabu ni mara ya ngapi, na kabla hujatoka nimeshajua leo utakuwa mtu wa namna gani. Ukiimba unapofua, ni siku njema. Ukifua kimya nikakuona umeshika ukingo wa beseni, najua nguo zile nitazimalizia mimi. Ukimwambia daktari, anasema ni kupanda na kushuka, mwili unajijenga. Ukimwambia shangazi, anasema ni kijicho.

Sasa nitakuambia jambo ambalo mzazi hatakiwi kulisema. Nilifika mahali nikawa nazichukia siku zako njema. Wallahi. Siku mbaya nilizizoea, siku mbaya hainidanganyi. Lakini ukiamka mzuri, ukasuka nywele, ukasema, "Mama leo naenda Ukunda," mimi roho ilikuwa inapanda hata sitaki, na nilijua nitairudisha chini mwenyewe kesho kutwa. Ukawa unaniona nimenuna siku ambazo wewe umefurahi. Ukaniuliza, "Mama, kwani nimekukosea nini?" Nikasema hukunikosea kitu, nenda zako. Hukunikosea, mwanangu. Nilikuwa najikinga na wewe.

Halafu ikaja harusi ya kwa Bi Riziki, jirani yetu wa ule upande wenye mnazi uliokatika. Hii sitaki kuiandika. Nimeamka nikachota maji nikanywa, nimerudi.

Ulikwenda na chakula chako kwenye bakuli, wali na kuku, niliufunga mwenyewe. Ukarudi alasiri na usiku mzima ukawa chooni. Asubuhi nikakuta shangazi zako wawili wamekuja kuniletea pilau iliyobaki, na mmoja akasema, hivi hivi tu, bila nia, "Mejumaa jana tulikaa naye kwenye sinia la sambusa." Yeye alimaanisha kukaa tu. Mimi nikasikia kula. Damu ikanipanda kichwani. Miezi natwanga mchele, mgongo unaniuma, na huyu anakwenda kula sambusa za watu!

Nikakutoa chumbani. Nikakuuliza, ukasema, "Sikula, mama." Nikakuuliza tena, ukasema, "Mama, sikugusa." Nikasema sawa, kachukue udhu. Ulikuwa dhaifu, ulitia udhu umeegemea ukuta, maji yanakutoka mkononi kabla hayajafika usoni. Mimi nimesimama na msahafu wa marehemu babu yako. Shangazi zako wakaniambia, "Mwache mtoto, dada, msahafu si wa mambo ya sambusa." Nikawaambia wanyamaze. Ukaweka mkono juu. Ukaapa. "Sijala ngano tangu siku daktari aliponikataza, na kama nasema uongo Mungu anione." Ukanitazama. Ulikuwa na hakika kwamba sasa nitakuamini, nilikiona kile kitu machoni mwako.

Nami nikasema, "Basi Mungu amekusikia ukisema uongo, na mimi nimekusikia."

Hayo ndiyo maneno yangu. Siyabadilishi hata moja. Hukulia. Ukarudi kulala, ukaugeukia ukuta.

Na asubuhi yake, kwa kuwa mimi nikishatukana huona huruma, nikakuletea vitumbua vyako vinne na chai. Ukaamka, ukavila vyote mbele yangu, hata kile cha nne ambacho nilikuona unakilazimisha. Ulikuwa unavila ili mimi niache kukasirika.

Sasa lile jambo lenyewe.

Siku kama nne kabla ya Ramadhani, asubuhi, nimekwisha kukanda ya mahamri nikaja kukukorogea vitumbua. Mchele upo, tui lipo, iliki, sukari, hamira. Nakoroga, nawaza mambo yangu ya futari, na mkono wa kulia ukaenda wenyewe juu ya ile rafu, kwenye lile kopo la bati, ukafungua kifuniko, ukatia kijiko. Kijiko kikagonga bati. Kopo lilikuwa tupu, unga wote nilikuwa nimeumalizia kwenye mahamri.

Nikasimama. Kijiko kiko kwenye kopo. Nikajiuliza, we Saumu, ulikuwa unatafuta nini humu?

Mejumaa, kwetu kitumbua hutiwa kijiko kimoja cha ngano. Bibi yako hutia, mama yake alitia. Unga wa mchele peke yake hukatika, kitumbua hufa ukikigeuza. Kijiko kimoja cha ngano hukishika. Si kitu ambacho mtu hukisema anapofundisha. Mwali akija jikoni anaambiwa mchele kiasi gani na tui kiasi gani. Kile kijiko anakiona tu, naye mkono wake unajifunza. Ungeniuliza vitumbua vyangu vina nini, ningekuapia kwa Mungu ni mchele na nazi. Na ningeapa kwa dhati. Nilitwanga mchele kwa mkono ili usikutane na vumbi la mashine, halafu nikautia ngano kwa kijiko, kila asubuhi, mwaka mzima na kitu. Karai lina uzi mwekundu!

Ulikuwa hujala ngano. Uliapa kweli. Nilikulisha mimi.

Siku ile nililimwaga lile rojo lote nyuma ya banda, maana mikono yangu ilitoka kwenye mahamri, nikanawa nikakukorogea upya bila ngano. Vikakatika. Ukaniuliza, "Mama, mbona vitumbua vya siku hizi vinavunjika?" Unakumbuka nilivyokujibu? "Mchele wa siku hizi mbaya." Ukacheka, ukasema si neno, vikifika tumboni vitavunjika tu.

Kwa nini sikukuambia? Nimejiuliza sana. Jibu la kwanza ni kiburi, hilo halina mjadala. Lakini lilikuwapo na jingine. Nilisema, Alhamdulillahi, angalau sasa tumejua kinachomla. Nikiondoa kijiko, atapona. Na akishapona, akanenepa, akawa mtu, nitamkalisha siku moja nimwambie, unamjua mchawi wako? Ni mimi! Tutacheka, atanipiga na kanga, yatakwisha. Nilitaka nikupe kosa langu pamoja na uzima wako, kwa siku moja, usije ukaona uzito wake.

Ukapata wiki tatu. Wiki tatu nzuri, ulifunga siku kadhaa za mwanzo mimi nikiwa nakukataza, tukakaa kwenye futari ukala uji wa mtama na tende ukasema njaa tamu. Kila siku nilikuwa najipanga maneno yangu ya kuchekesha.

Halafu alfajiri moja nikasikia kopo.

Nilikuwa na bakuli la daku mkononi. Nililiweka chini. Nikahesabu mara tatu, mara nne, mara tano. Na hapo ndipo nilipokata tamaa, Mejumaa. Si siku ya zahanati wala siku ya daktari. Maana mpaka siku ile nilikuwa na kosa langu, na ndani ya kosa langu mlikuwa na dawa. Nililitoa kosa, na ugonjwa ukabaki umekaa pale pale.

Tuliporudi Mombasa baada ya Idi, ulipotoka kwenda kununua maji, nilimwuliza daktari mimi na yeye. Akasema utumbo ulioliwa miaka mingi wengine huchukua muda mrefu kujijenga, na wapo ambao haurudi kuwa sawa. Akasema pengine kuna kitu bado kinaingia bila nyinyi kujua. Akaniuliza, "Nyumbani mnatumia ngano?"

Nikasema, "Kidogo."

Kidogo! Mtu anayekanda beseni mbili kila alfajiri. Yule daktari akaandika kidogo kwenye karatasi yake, na kama anaitegemea karatasi hiyo kukutibu, basi anategemea uongo wangu.

Ule mwezi niliouza mihogo ya kuchemsha badala ya mahamri, nikakuambia nimechoka na moto wa mafuta, ilikuwa ni sababu hiyo. Nilisugua kuta. Nilianika mikeka. Wewe ukawa na siku njema tisa, ukashuka, ukapanda, ukashuka. Sikuona tofauti. Labda unga umeshaingia kwenye makuti ya paa. Labda mwezi hautoshi. Labda si unga. Wateja wakahamia kwa mwingine, nikarudi kwenye beseni langu, maana kupika mahamri ndiko ninakokujua na nyumba ina watu. Sikuamua kwa ushujaa wowote. Nilichoka tu.

Na sasa unakwenda chuo bara, kwenye baridi, ukawe mwalimu. Asubuhi watawapa chai na mkate, nawe utakunywa chai kavu. Siku mbaya zitakuja kama zilivyokuja hapa, na hakuna atakayesikia kopo lako. Sitakuambia utapona. Nimelisema neno hilo mpaka limechakaa, na wewe umekuwa ukiitikia kwa adabu tu, nimekuona. Kuswali sijaacha na kukuombea sitaacha. Lakini mwenye matumaini kwenye ukoo huu kwa sasa ni bibi yako peke yake, na yeye hata sindano haoni kutunga uzi.

Jambo linalonikaba ni hili. Ukifika huko ukapona, mwili ukarudi, ukawa unabeba ndoo na kuimba, nitajua kwamba ugonjwa wako ulikuwa ni nyumba hii. Ni mimi na kanga yangu na kuta zangu. Utakuwa huwezi kurudi kwa mama yako ila kwa kusalimia mlangoni. Na usipopona huko, kwenye nyumba isiyo na beseni langu, basi haikuwa mimi, na hapo sijui tena tutafute wapi. Nimekaa juu ya mswala nikashindwa kuomba. Mama gani anashindwa kuomba mtoto wake apone? Mwisho nimeomba upone. Lakini nilichelewa, mwanangu, nilikaa kidogo kwanza, na Mungu aliona.

Ukitaka kujua nimejifunza nini, si kingi. Nimejifunza kwamba mkono unaweza kufanya jambo miaka na mwenye mkono asijue. Nimejifunza pia kwamba ukishajua ukanyamaza, hilo la pili ndilo dhambi, la kwanza lilikuwa bahati mbaya. Siku ile ya msahafu ulikuwa na haki ya kunipigia kelele. Hukupiga, kwa sababu tulikulea usiinue sauti mbele ya mkubwa. Tulikulea vibaya hapo. Mtu akikuambia umekula na wewe unajua hukula, simama pale pale kwenye neno lako, awe mwalimu, awe mume, awe nani. Hata nikiwa mimi. Hasa nikiwa mimi.

Shangazi zako wote nitawaita, siku utakayofika huko salama, na nitawaambia mbele ya msahafu ule ule nani alikuwa na ngano mkononi. Wakitaka kunicheka wanicheke. Bibi yako nitamwambia kwa taratibu, maana kile kijiko ni chake pia na moyo wake si mzuri.

Limebaki la begi. Kwetu mtoto haondoki nyumbani bila chakula cha njiani kilichopikwa na mama yake. Kesho watu watakuja kukuaga, watafungua kapu waone umefungiwa nini, hiyo ndiyo tabia yao. Watasema, Saumu, mpishi mzima, umemtoa mtoto na vitu vya sokoni? Waache waseme. Jana nilisimama mbele ya jiko saa nzima. Nilishika mchele nikauacha. Nilishika nazi nikaiacha. Mikono yangu nimeiosha kwa sabuni na jivu na ndimu, na bado siiamini.

Kwa hiyo kwenye kapu utakuta ndizi, karanga ambazo hazijabambuliwa, mayai nimeyachemsha na viazi vitamu nimevichemsha na maganda yake, kwenye sufuria jipya ambalo halijaingia humu jikoni, uani, kwa kuni. Nimechagua vitu vyenye maganda tu. Ndani yake mkono wangu haujafika. Osha mikono yako, umenye mwenyewe.

Na machungwa yamo sita. Matano ni ya safari. La sita nimelifunga peke yake kwenye kitambaa, hilo ni badala ya lile la njia panda, siku tuliyotoka zahanati. Lile nilikupa bila kukutazama na bila kusema kitu. Hili nakupa nikisema. Nisamehe, Mejumaa. Hukuwa na mimba, hukula sambusa, hukusema uongo hata siku moja, na mimi sikukuamini hata siku moja.

Nasikia Bi Riziki anakusalimia kule nje. Umerudi mapema. Unamjibu kwa sauti nzuri, leo ni siku yako njema.

Mama yako,
Saumu